Inchi 16, inchi 18: bunduki fupi Marekani na serikali mbili zinazoipima

Ukitaka kuielewa sheria ya bunduki fupi Marekani anza na namba tatu, 16, 18 na 26. Raifo yenye mtutu mfupi kuliko inchi 16 imeshahamia kundi lingine. Shotigani, ile bunduki ya marisau, mpaka wake ni inchi 18. Na yoyote kati ya hizo ikikatwakatwa mpaka urefu wake wote toka kitako hadi mdomo wa mtutu usifike inchi 26, nayo imo. Kwa sentimita ni kama 41, 46 na 66. Ikiwa ndefu kuliko hapo unanunua dukani, unajaza fomu, wanacheki rekodi yako, unaondoka nayo siku hiyohiyo majimbo mengi tu. Ikiwa fupi kuliko hapo na huna karatasi za serikali ya shirikisho, ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 10, hata kama hujawahi kumtishia mtu nayo na ilikuwa imelala tu kabatini.

Ingeishia hapo isingekuwa na shida. Tatizo ni kwamba kuna maswali mawili watu wanayachanganya kila siku. La kwanza, nani anauliza, shirikisho kule Washington au jimbo ulilosimama saa hiyo. La pili ambalo kwangu ndo gumu zaidi, hicho ulichoshika kisheria kinaitwaje: raifo, shotigani, bastola, au kitu ambacho hakina jina. Watu wanakimbilia kushika rula kabla hawajajibu hilo la pili, wakati rula inakuja mwisho kabisa.

Sheria ya shirikisho inasema raifo ni silaha iliyobuniwa na kutengenezwa ili ifyatuliwe ikiwa imeegemezwa begani, ndani ya mtutu kuna mistari inayoizungusha risasi, na ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja. Shotigani nayo ni ya begani ila mtutu wake ni laini. Hapo kwenye bega ndo kila kitu kinapogeukia. Silaha ambayo tangu izaliwe haijawahi kuwa na kitako cha kuweka begani haiwezi kuwa raifo, hata kama inapiga risasi zilezile. Ndo maana dukani utakuta bastola za muundo wa AR-15, mtutu inchi 10 na nusu, magazini ileile ya risasi 30, risasi zilezile 5.56, na inauzwa kama bastola bila kodi maalum wala kusubiri. Mwenye nayo akichomeka nyuma kitako cha kawaida, kazi ya dakika mbili, ametengeneza raifo ya mtutu mfupi na tayari yuko kwenye lile kosa la miaka 10. Hakuna kilichobadilika kwenye nguvu ya risasi, kilichobadilika ni kwamba sasa ina pa kuweka bega.

Na kuna mambo ya asili pia. Sheria inakamata pia silaha yoyote iliyotengenezwa kutokana na raifo au shotigani, yaani ikishazaliwa raifo inabaki na cheti chake cha kuzaliwa. Ukiinunua kama raifo ukatoa kitako ukakata mtutu ukasema hii sasa ni bastola, hapana, kwa shirikisho hiyo ni raifo iliyokatwa. Lakini ukianzia upande wa pili, umenunua bastola, ukaifanya raifo kwa kuweka mtutu wa inchi 16 kwanza alafu kitako, unaweza kuirudisha kuwa bastola tena bila kosa, ATF walitoa tamko rasmi mwaka 2011 kuhusu hilo. ATF ni ile idara ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, na kwenye habari hii utaisikia sana. Hata utaratibu wa hatua una maana, ukiweka kitako kabla ya kubadilisha mtutu, kwa hizo dakika chache umekuwa na raifo fupi. Mimi nikisoma vitu hivi huwa najiuliza nani atakuwepo chumbani kushuhudia, ila sheria ndo ilivyo.

Kupima kwenyewe kuna namna yake. Mtutu unapimwa ukiwa umefunga bolti, unaingiza ufito kwa mbele mpaka ugonge uso wa bolti, unaweka alama pale mdomoni, unautoa unaupima. Hupimi kwa nje. Kifaa cha mdomoni kama kile cha kupunguza mwako hakihesabiwi, isipokuwa kimefungwa kisitoke tena, kwa kupigwa pini na kuchomelewa juu yake. Ndo maana kuna watu wananunua mtutu wa inchi 14 na nusu, kipimo cha M4 ya jeshi, wanapeleka kwa fundi anachomelea kifaa mdomoni mpaka ifike 16, na hapo shirikisho halina neno. Urefu wa jumla nao shirikisho linapima kitako kikiwa kimefunguliwa kabisa. Kumbuka hilo la kitako kufunguliwa, tutalirudia tukifika kwenye majimbo.

Namba hizi zimetoka wapi? Hapa ndo penye utamu. Mwaka 1934 Marekani ilikuwa imetoka kwenye miaka ya marufuku ya pombe na magenge. Chicago, Februari 14 mwaka 1929, watu saba walipangwa ukutani wakauawa kwa bunduki za rashasha na shotigani. Februari 1933 huko Miami jamaa mmoja Giuseppe Zangara alijaribu kumpiga Franklin Roosevelt kabla hajaapishwa, akamkosa, risasi ikampata meya wa Chicago Anton Cermak ambaye alikuja kufa. Mwanasheria mkuu wa Roosevelt, Homer Cummings, akapeleka muswada bungeni na kitu kikubwa alichokuwa anakitaka ni bastola. Alitaka bastola na rashasha ziandikishwe na zilipiwe kodi nzito. Sasa mtu yeyote mwenye akili angeona mwanya, kama bastola ina kodi na raifo haina, si nanunua raifo naikata nyumbani kwa msumeno naificha kotini? Kwaiyo wakaziba, wakaingiza raifo na shotigani zilizokatwa humohumo kwenye orodha.

Kisha kelele zikaja, NRA, chama cha kutetea wenye bunduki, kilikuwepo kwenye vikao, rais wake Karl Frederick alihojiwa na wabunge, na mwishoni bastola zikatolewa kwenye muswada. Zikatolewa bastola, ila kile kiraka cha kuziba mwanya wa bastola hakuna aliyekumbuka kukitoa. Roosevelt akasaini Juni 26 mwaka 1934. Kwaiyo kwa miaka zaidi ya 90 Marekani ina sheria inayokataza kukata raifo ili isifanane na bastola, wakati bastola yenyewe inauzwa kila duka. Ukilielewa hili hutahangaika tena kutafuta mantiki ya usalama kwenye inchi 16, manake mantiki yake iliondoka na kile kipande kilichotolewa. Wapo wanaosema raifo fupi inafichika na ina nguvu kuliko bastola, na hilo ni kweli, ila hiyo ni sababu iliyokuja kuvalishwa baadae.

Kodi ilikuwa dola 200 kwa kila silaha. Mwaka 1934 hiyo ilikuwa pesa ya kumaliza biashara, ilikuwa inakaribia bei ya rashasha yenyewe aina ya Thompson, na shotigani ya kawaida ilikuwa inauzwa sehemu ndogo tu ya hiyo. Walitumia kodi kwasababu wakati ule Kongresi haikuwa na uhakika kama katiba inairuhusu kukataza moja kwa moja, kwaiyo wakapitia mlango wa kodi, na Mahakama ya Juu ikaubariki mlango huo mwaka 1937 kwenye kesi ya Sonzinsky, ikasema hii ni kodi na kodi ni kazi halali ya Kongresi. Weka hiyo pembeni kidogo, ina moto wake sasa hivi.

Kesi iliyofuata ni Miller, 1939, na ni kesi ya ajabu. Jack Miller na mwenzake Frank Layton walikamatwa wakisafirisha shotigani iliyokatwa toka Claremore, Oklahoma mpaka Siloam Springs, Arkansas. Jaji wa chini akaifuta kesi akisema sheria inavunja katiba. Serikali ikakata rufaa moja kwa moja mpaka juu, na upande wa Miller hakuna mwanasheria aliyejitokeza, sio kwa mdomo sio kwa maandishi. Miller mwenyewe aliuawa kabla hukumu haijatoka. Mahakama ikasema hakuna ushahidi mbele yake kwamba shotigani ya chini ya inchi 18 ina uhusiano na kazi ya wanamgambo wanaotajwa kwenye katiba, na kweli hakukuwa na ushahidi, nani angeuleta? Hukumu hiyo ya upande mmoja ndo imeshikilia jengo mpaka leo. Mwaka 2008 kwenye kesi ya Heller, ile iliyosema mtu binafsi ana haki ya kuwa na silaha nyumbani, Jaji Scalia akairudia Miller akasema haki hiyo haifiki kwenye silaha ambazo raia wema kwa kawaida hawana, akatolea mfano hizohizo shotigani fupi.

Mwanzoni mpaka ulikuwa 18 kwa zote mbili. Mwaka 1960 raifo ikashushwa mpaka 16. Serikali ilikuwa imeuza kwa raia karabina za M1 za vita kuu ya pili ambazo mitutu yake iko palepale kwenye 18 na nyingine zinapungua kidogo, yaani serikali ilikuwa inawauzia wananchi kosa la jinai. Badala ya kuzirudisha wakasogeza mstari.

Turudi kwenye lile la jina. Kampuni ya Thompson/Center ilikuwa inatengeneza bastola iitwayo Contender, mtutu inchi 10. Ikatoa na vifaa vya kuigeuza, mtutu wa inchi 21 pamoja na kitako, vyote kwenye seti moja. ATF wakasema mteja akiweka kitako kwenye mtutu wa inchi 10 anapata raifo fupi, kwaiyo seti nzima ni raifo fupi. Kampuni ikafanya kitu cha akili, ikatengeneza moja, ikalipa dola 200, alafu ikaishtaki serikali irudishiwe hizo dola 200. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi, kwasababu vifaa vile vilikuwa na matumizi halali na sheria ya jinai ikiwa na utata inasomwa kwa faida ya raia. Lakini usijidanganye, kama una vipande ambavyo njia pekee ya kuviunga vinatoa raifo fupi, unaweza kushtakiwa kwa kuwa navyo tu hata kabla hujaviunga.

Kisha kuna kundi lisilo na jina. Mossberg mwaka 2017 walitoa kitu kinaitwa 590 Shockwave, inapiga marisau ya geji 12, mtutu inchi 14, ukiitazama utaapa ni shotigani iliyokatwa. Ila toka kiwandani haikuwahi kuwekewa kitako cha bega, ina mshikio uliopinda tu kama shingo ya ndege, na urefu wake wote unapita inchi 26 kidogo. Sio shotigani kwasababu haijabuniwa kwa bega. Sio bastola. Haiingii hata kwenye kapu la ziada ambalo sheria ya 1934 inaliita "silaha nyingine" kwasababu inapita 26. Kwa shirikisho inaitwa "silaha" tu, basi, inauzwa bila kodi maalum. Ukichukua shotigani ya kweli ukaikata ikafanana nayo kwa kila inchi, hiyo yako ni kosa.

Na hatuwezi kupita bila bresi. Hiki ni kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya askari mstaafu mlemavu aweze kuishika bastola ya AR kwa mkono mmoja, kinafungwa kwenye mkono. ATF waliandika barua mwaka 2012 wakasema bresi haibadilishi bastola kuwa raifo. Watu wakagundua haraka kwamba bresi inakaa begani vizuri tu. Mwaka 2015 ATF wakasema ukiiweka begani umeibadilisha matumizi, umetengeneza raifo fupi, yaani kosa linategemea umeigusisha wapi mwilini. Mwaka 2017 wakalegeza. Januari 2023 wakaja na kanuni mpya kwamba nyingi ya bastola zenye bresi ni raifo fupi, wenye nazo wana mpaka Mei 31 waziandikishe bure, wazivunje, waweke mtutu mrefu au wazisalimishe. ATF wenyewe walikadiria bresi milioni 3 ziko mikononi mwa watu, wataalamu wa utafiti wa Kongresi walikuwa wamekisia kati ya milioni 10 na 40, na walioandikisha ni kama laki mbili na nusu. Wengine wote kwa usiku mmoja wakawa kwenye kundi la wahalifu watarajiwa. Juni 2024 jaji Reed O'Connor wa Texas akaifuta kanuni yote kwenye kesi ya Mock. Miaka 12, kifaa kilekile, majibu manne tofauti, na hakuna herufi hata moja ya sheria ya Kongresi iliyobadilika katikati.

Hiyo yote ni serikali moja. Kwetu Tanzania au Kenya mtu amezoea sheria ya silaha ni moja nchi nzima, hakuna mkoa wala kaunti yenye kipimo chake cha mtutu, ndo maana wabongo na Wakenya wengi wakifika Marekani hapa ndo wanapotea. Kule kila jimbo lina sheria yake ya jinai kamili, na inakaa juu ya ile ya shirikisho, haiiondoi. Lazima upite zote mbili. Karatasi ya shirikisho haikulindi na jimbo, na ruhusa ya jimbo haikulindi na shirikisho.

Yapo majimbo yanayokataza kabisa kwa raia wa kawaida, New York, New Jersey, Hawaii, na mji mkuu Washington D.C. pia, na California ambako wanaoruhusiwa ni wachache wenye vibali maalum. Huko hata ukiwa umeandikisha ATF haisaidii, na ATF wenyewe hawatakupitishia maombi kama jimbo lako linakataza. Yapo yanayogawa katikati, jimbo la Washington, lile la Seattle, mwaka 2014 liliruhusu raifo fupi zilizoandikishwa lakini shotigani fupi bado ni marufuku. Na yapo mengi yaliyoandika hivi: ni marufuku kuwa nayo, isipokuwa imeandikishwa kwa mujibu wa sheria ya shirikisho. Texas ilikuwa hivyo kwa miaka mingi.

Hii aina ya tatu ina mtego ambao watu hawakuuona mpaka 2025. Kama jimbo linasema marufuku isipokuwa imeandikishwa na shirikisho, siku shirikisho likifuta uandikishaji ina maana hakuna tena njia ya kuupata huo msamaha, kwaiyo kufutwa kwa sheria ya shirikisho kungeifanya silaha kuwa haramu Texas. Jimbo la wapenda bunduki kabisa. Wabunge wa Austin wakastuka, wakapitisha muswada namba 1596 wa seneti yao, na toka Septemba 1 mwaka 2025 silaha za mtutu mfupi zimetolewa kwenye orodha ya silaha haramu ya jimbo hilo. Mitandaoni watu wakashangilia ati Texas sasa unakata tu. Hapana jamani! Kilichoondoka ni kosa la jimbo, yaani polisi wa Houston hana tena kifungu cha kukukamatia, ila la shirikisho liko palepale na miaka yake 10.

Alafu majimbo hayakubali hata maana za maneno. Kumbuka ile Shockwave isiyo na jina kwa shirikisho. California imeandika sheria yake tofauti, kwao shotigani fupi ni silaha yoyote iliyobuniwa kupiga ganda la shotigani ikiwa na mtutu chini ya inchi 18, bega halitajwi. Kwaiyo Shockwave ni haramu pale. Na sio hiyo tu, ipo bastola ya kuzungusha iitwayo Taurus Judge, inapiga risasi za .45 na pia ganda dogo la marisau la .410. Kwa shirikisho ni bastola halali kabisa kwasababu mtutu wake una mistari ndani. Kwa California hiyo ni shotigani fupi, bastola ya mfukoni! Mtu ananunua Nevada kihalali saa nne asubuhi, anaendesha gari kuelekea Los Angeles, akivuka mstari wa jimbo anabeba kosa ambalo dakika moja nyuma halikuwepo.

Na ule urefu wa jumla. Shirikisho linasema 26, kitako kikiwa wazi. Maryland kwa raifo za kujipakia zenyewe wanataka isipungue 29. California na jimbo la Washington wanasema 30, na California wanapima katika ufupi wake wote ambao bado inaweza kufyatua, yaani kitako kikiwa kimekunjwa. Kwaiyo unaweza kuwa na raifo yenye mtutu wa inchi 16 kamili, shirikisho haliiiti fupi, na bado jimbo likaikamata kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa sheria za jimbo zinazokataza zile zinazoitwa silaha za mashambulizi.

Je jimbo linaweza kusema sheria yenu ya shirikisho hatuitambui? Kansas walijaribu. Mwaka 2013 walipitisha sheria kwamba silaha iliyotengenezwa Kansas na ikabaki Kansas haiguswi na shirikisho, gavana Sam Brownback akaisaini, na waziri wa sheria wa Obama, Eric Holder, akawaandikia mapema kwamba hiyo haifanyi kazi. Mwenye duka mmoja mji mdogo wa Chanute akaiamini sheria ya jimbo lake, akatengeneza na kuuza viwambo vya kuzuia sauti, na raifo fupi pia ilikuwemo kwenye kesi. Yeye na mteja wake mmoja wakashtakiwa na shirikisho wakatiwa hatiani. Wakajitetea kwamba tulifuata sheria iliyoandikwa, imesainiwa na gavana, iko kwenye vitabu. Mahakama ya rufaa mwaka 2018 ikasema kuamini sheria ya jimbo sio utetezi dhidi ya kosa la shirikisho, na 2019 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Hukumu zilikuwa za nje ya gereza, lakini rekodi ya jinai ya shirikisho ikabaki. Mimi katika habari hii yote hawa ndo nawaonea huruma, manake wabunge waliopitisha ile sheria hakuna hata mmoja aliyesimama kizimbani.

Kusafiri nako kuna lake. Ukiwa na raifo fupi iliyoandikishwa sawasawa, sheria ya 1968 inakutaka uombe ruhusa kabla hujavuka nayo kwenda jimbo lingine, kuna fomu yake inaitwa 5320.20. Kiwambo cha sauti hakihitaji hiyo fomu, ila raifo fupi inahitaji, hata kama majimbo yote mawili yanairuhusu. Wengi wanachofanya ni kutoa ule mtutu mfupi wanauacha nyumbani, wanaweka wa inchi 16, safari ikiisha wanarudisha.

Sasa lile la kodi. Julai 4 mwaka 2025 Trump alisaini ile sheria kubwa ya bajeti, na ndani yake kodi ya dola 200 ikawa sifuri kuanzia Januari 1 mwaka 2026 kwa raifo fupi, shotigani fupi na viwambo vya sauti. Rashasha imebaki na 200 yake. Wengine walitaka zaidi, zitolewe kabisa kwenye sheria ya 1934, ila seneti ina kanuni kwamba muswada wa bajeti unaopita kwa kura za zaidi ya nusu tu lazima ushughulikie pesa tu, na mshauri wa taratibu za seneti, Elizabeth MacDonough, akasema kufuta uandikishaji sio jambo la pesa. Kwaiyo kilichobaki ni kitu cha kushangaza: fomu ile ile, alama za vidole zile zile, picha ile ile, kusubiri kibali kule kule, kodi dola 0. Na hapo ile Sonzinsky ya 1937 inarudi. Kama mahakama iliikubali sheria kwasababu ni kodi, na kodi sasa ni sifuri, uandikishaji umesimama juu ya nini? Vikundi vya wenye bunduki vimeshafungua kesi Texas na Missouri vikiuliza hilohilo. Serikali inajibu kwamba Kongresi ina nguvu zingine pia, kama ya biashara kati ya majimbo. Kwa maoni yangu swali lao ni zuri kuliko majaji wengi watakavyopenda kukiri, ila swali zuri na kushinda kesi ni vitu viwili.

Kwa ndugu zetu walioko huko, wa Houston, Columbus, Minneapolis na kwingine, kuna tabaka la tatu ambalo Mmarekani wa kuzaliwa halimhusu. Mwenye green card anaruhusiwa na shirikisho kununua na hata kuandikisha raifo fupi kama raia. Aliyeko kwa viza ya masomo au ya kutembea kwa kawaida haruhusiwi hata kushika silaha, fupi au ndefu, isipokuwa ana msamaha maalum kama leseni ya uwindaji ya jimbo, na asiye na makaratasi haruhusiwi kabisa. Kwaiyo mwanafunzi anayekwenda shabaha na marafiki wikiendi anapiga picha na AR ya mtu, ile picha ni ushahidi. Na mwenye green card naye, sheria ya uhamiaji inasema mgeni akitiwa hatiani kwa kosa la kuuza, kununua, kumiliki au kubeba silaha kinyume na sheria yoyote, ya shirikisho au ya jimbo, anaweza kuondolewa nchini. Haiangalii umefungwa miaka mingapi. Wakili wa jinai anaweza kukwambia kubali kosa tu, jimbo watakupa probesheni, hutalala ndani hata siku moja, na kweli hutalala, ila ile karatasi ya kukubali kosa kuhusu nusu inchi ya mtutu inakwenda moja kwa moja kwenye faili la uhamiaji, na jaji wa kule hana rula.